Mafurungu Yaliyogeuka Majani

10 Juni, Jumanne. Ibra

Daftari hili si langu. Amenipa Marzouq wa makumbusho ya Nizwa pamoja na oda, kwa sharti kwamba kila siku ya kazi niandike nimefanya nini: moto kiasi gani, nyundo ipi, bamba limepasuka wapi. Wanataka kuliweka kabatini kando ya kazi yenyewe. Nimemwambia kabla ya usonara huu nilikuwa mwalimu wa sanaa miaka ishirini na saba, nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu mpaka macho yakaniuma, na leo eti nirudi kuandika mimi. Akacheka. "Andika tu, mama. Usiyoyataka tutayakata."

Oda ni majani saba ya fedha, kwa maonyesho yao ya Agosti. Warumi wa kale, mtu akiugua au akiwa na safari ya hatari, aliweka nadhiri kwa miungu yake. Akipona au akifika salama, alikwenda kwa sonara akafuliwa kipande cha fedha, au cha dhahabu akiwa nayo, akakipeleka hekaluni kikatundikwa. Mmoja alifuliwa jicho, mwingine sikio, mwingine mguu, kwa kadiri ya kilichopona. Wengine jani refu lenye mishipa, kama haya niliyoletewa picha zake. Chini ya kila jani zimegongwa herufi nne, na Marzouq amenifasiria: amelipa nadhiri yake kwa moyo radhi, kama ilivyostahiki.

Nikamuuliza, na asiyepona je?

"Huyo hakupeleka kitu, mama."

Nimecheka peke yangu mpaka jioni. Nimekubali kazi, lakini kwa sharti langu na mimi: jina la mungu wao siligongi. Herufi nne, basi.

12 Juni, Alhamisi

Digrii arubaini na saba. Sikuwasha moto.

17 Juni, Jumanne

Leo nimelia, na nitaandika kwa nini, Marzouq atakata akitaka.

Mama ana mafurungu mawili ya fedha, mazito kwa kuyatazama lakini ndani matupu, na ndani yake mna vijiwe vinavyolia mtu akitembea. Alivalishwa na mama yake Unguja, akaja nayo hapa mwaka wa sabini na mbili, mimi nina miaka mitano. Tangu nipate akili sijamwona nayo miguuni. Yanakaa chini ya kasha lake, yamefungwa katika kipande cha kanga. Nilipoolewa wenzangu wote walivaa fedha za mama zao, na mimi nikamwomba Mama mafurungu. Akanambia, "Hayo si yako." Nikaolewa na fedha ya kuazima kwa shangazi wa marehemu mume wangu, na kila aliyekuja kunitazama nilihisi ananitazama miguu. Nilisema moyoni mama yangu ni bahili. Nimelisema hilo miaka thelathini na tano, na mara nyingine si moyoni tu.

Leo baada ya alasiri ameniita chumbani. Amekaa kitandani, lile fundo la kanga mapajani.

"Yayeyushe haya."

"Yote mawili, Mama?"

"Yote. Kwa mkono wako mwenyewe, usimpe mtu."

Akanikabidhi. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza, kwa kuogopa asije akaghairi. Nimetoka nayo mpaka karakanani, nimefunga mlango nikalia. Amenipa. Miaka themanini na tatu anayo, na leo amenipa.

18 Juni, Jumatano

Nimeyeyusha alfajiri kabla jua halijakasirika. Nimeyapasua, vijiwe nimeviweka kando, fedha nimeitia chunguni. Fedha ya kale ni laini, inakubali haraka. Kwa saa nzima nilikuwa nikifikiria ile ninayonunua dukani, ngumu na yenye ukaidi, na mara nikasema: kwa nini kazi iliyo bora kuliko zote nilizowahi kupewa nisiifanye kwa fedha iliyo bora? Itakaa kabatini Nizwa, watu wataiona, na mimi nitajua ni ya mama yangu. Nimemimina. Vipande saba vimetoka.

21 Juni, Jumamosi

Jani la kwanza limepasuka kwenye ubavu. Kosa langu, nimeligonga likiwa limepoa.

25 Juni, Jumatano

Mtaa mzima unanukia tende. Majirani wanachemsha mabsli, tende za manjano, katika masufuria ya shaba makubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto, kisha wanazianika juani mpaka zikauke. Moto juu ya moto, na upepo wa gharbi unavuma kutoka jangwani. Mwanangu Lujain amekuja leo kutoka Nizwa, mumewe Adham amemleta. Mimba imeingia mwezi wa saba. Mbili kabla ya hii zilitoka. Ametembea kutoka garini mpaka barazani kwa hadhari, mkono tumboni, kama amebeba bakuli iliyojaa. Atakaa kwangu mpaka ajifungue.

Jani la kwanza nimelirudia, la pili limekwisha. Hili nitaliandika vizuri kwa ajili ya daftari: bamba nalilaza juu ya lami ya moto, lami inalishika, kisha kwa patasi butu nausukuma mshipa wa kati, halafu mishipa midogo kushoto na kulia. Ukigonga kwa hasira fedha inakwambia.

2 Julai, Jumatano

La nne. Lujain amelishika akasema, "Mama, majani hii nzuri sana, ya'ni kama ya kweli." Mtoto wangu huyu ngeli zote amezitupa baharini, lakini nimefurahi.

5 Julai, Jumamosi

Kazi. Joto. Kazi.

13 Julai, Jumapili

Nimeyapeleka. Saa moja na nusu kwa gari, kupitia Mudhaibi na Sinaw, majani kwenye kiti cha pembeni yamefungwa kwa pamba. Marzouq ameyapanga mezani akayageuza moja moja. Yeye ni mtoto wa watu wa Kigoma, babu yake alikuwa na duka Ujiji, ndiyo maana Kiswahili anacho. Kisha akasema, "Mama, hii fedha umeitoa wapi?" Nikasema ni ya mama yangu, na nilivyolisema nilijiona nimerefuka.

20 Julai, Jumapili

Hili nalo Marzouq atakata akitaka.

Asubuhi Mama ameniuliza, "Ile fedha umeifanyaje?" Nikamwambia kwa furaha yote, kama mtoto anayeleta cheti: nimeifua majani, majani yako Nizwa, yatatazamwa na watu. Uso wake umebadilika taratibu. Hakupiga kelele. Amesema, "Nilikwambia yeyusha. Nilikwambia uyapeleke Nizwa?"

Nikakasirika. Nasema kweli, nilikasirika mimi, mwenye kosa. Nikamwambia, Mama, umenipa, miaka yote umeninyima, na siku uliyonipa unataka kunihoji. Akanitazama.

"Sijakupa. Hayo si yako. Nilikwambia tangu siku ya harusi yako."

Kisha akaniambia kaa. Nimekaa sakafuni.

Tulipofika hapa mwaka ule, baba yangu alikwenda Maskati kutafuta kazi, akatuacha katika chumba kimoja. Mimi nikashikwa na surua. Mama alikuwa na miaka thelathini, Kiarabu cha hapa hakijui, mtu hamjui. "Nikatoka na wewe mkononi," amesema, "nikapiga hodi nyumba ya kwanza. Nasema mwanangu anakufa, nasema kwa lugha yetu, wananitazama tu. Nikenda ya pili. Nikenda ya tatu. Nimepiga hodi nyumba saba, Mabruka. Ya saba bibi mmoja hakunisikiliza ninasema nini, kanitazama uso tu. Kakuchukua mkononi mwangu, kaingia na wewe ndani."

Bibi yule alinitunza siku tisa. Siku ya tatu nilipokuwa sijitambui, Mama alivua mafurungu yake, akayaweka ubavuni kwangu, akasema: Mola, mwache huyu aishi mpaka amshike mjukuu wake mkononi, na fedha yangu hii nitawapa wanawake saba walio wageni katika mji huu kama mimi nilivyo leo.

"Nikajiuliza kwa nini nimesema mjukuu," amesema Mama. "Ningesema apone tu, ningelipa wiki ile ile. Lakini niliona, nikiomba kidogo nitapewa kidogo."

Kwao Unguja nadhiri haitangazwi mpaka siku yake ifike, na mimi ameniambia kwa kulazimika tu. Basi amekaa na mafurungu miaka hamsini na tatu. Hakuyavaa, kwa sababu hayakuwa yake tena. Hakunipa, kwa sababu hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa nikimwita bahili, na alichokuwa ameficha chini ya kasha ni umri wangu mimi. Mimba ya Lujain ilipoingia mwezi wa saba, mwezi ambao zile mbili hazikuufika, alinipa niyayeyushe, yagawanyike kwa saba. Akafikiri nitamrudishia vipande.

Nimembusu miguu. Amenisukuma kidogo. "Ondoka, utanilowesha."

21 Julai, Jumatatu

Nimemuuliza Bi Asya, anayesomesha dini wanawake wa mtaani, bila ya kumtaja Mama. Amesema ikiwa kitu chenyewe kimetoka mikononi, mwenye nadhiri anaweza kutoa mfano wake, uzito ule ule, na Mungu ni mwenye kusamehe. Nimerudi mbio na habari njema.

Mama amesikiliza mpaka mwisho. "Bi Asya mwanamke mwema. Lakini mimi nilimwambia Mola fedha yangu hii. Sikumwambia mfano wake."

"Unaogopa, Mama?"

"Siogopi. Mola si mgomvi. Naona haya. Ananipa mpaka na mjukuu wako, nami nende kwake na fedha ya dukani?"

22 Julai, Jumanne

Nizwa. Nimemwambia Marzouq fedha ile ni haki ya watu wengine, lazima irudi; nadhiri sikuitaja. Majani yameshaingia rejista, yamepigwa picha, yamepimwa, yako ndani ya kioo. Maonyesho yanafunguliwa tarehe ishirini Agosti. Nilitaraji anifukuze. Amekuna kichwa akasema, "Mama, ukiniletea mengine saba, uzito ule ule, kabla ya tarehe ishirini, nakwenda kwa bosi. Chansi ipo. Nje ya hapo, kabati halifunguliwi." Nimenunua fedha sokoni Nizwa kabla ya kurudi. Ngumu.

24 Julai, Alhamisi

La kwanza.

27 Julai, Jumapili

Limepasuka. La kwanza tena.

31 Julai, Alhamisi

Mawili. Gharbi haijalala siku ya sita. Nafanya kazi alfajiri na baada ya magharibi, katikati nalala na kitambaa kibichi usoni. Kifundo cha mkono kimevimba. Mama ananikanda kwa mafuta ya nazi kila jioni, wala hanikaripii. Ningependa anikaripie.

4 Agosti, Jumatatu

Matatu. Namtazama Mama anavyokula, anavyokunja leso yake, na najiona nimeishi nyumba moja na mtu nisiyemjua. Nilidhani ni mgumu. Nasikia anamwambia Lujain, "Kula, mwanangu, kula cha wawili," na sauti yake laini kuliko yangu mimi nilivyomlea huyo mtoto.

9 Agosti, Jumamosi

Manne. Lujain miguu imejaa. Sipendi.

14 Agosti, Alhamisi

Presha ya Lujain ilipanda jana jioni, hospitali wakasema hawangoji. Leo saa tatu asubuhi amezaa mtoto wa kike, kabla ya wakati wake, kilo mbili kasoro. Yu hai. Lujain yu hai. Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, naandika hivi na sijui niandike nini tena. Mtoto wamemtia katika sanduku la joto. Nimemwona kupitia kioo, mkono wake unafungua na kufumba. Majani ni matano.

16 Agosti, Jumamosi

Leo nimemwumiza mwanangu.

Mtoto ameendelea vizuri, ameanza kupumua mwenyewe. Muuguzi, mwanamke wa Kerala anayecheka kwa macho, ametoka na mtoto amemfunga shuka, akamweka kifuani mwa Lujain. Tumeshukuru. Baada ya muda Lujain akasema, "Mama, bas, sasa wewe. Mshike."

Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nikairudisha.

Maana nikimshika, siku imefika. Mama alisema mpaka amshike mjukuu wake mkononi. Nikimshika leo nadhiri imesimama mlangoni, na fedha yake imefungiwa kiooni Nizwa, na mama yangu wa miaka themanini na tatu hana cha kutoa mkononi. Nilisema, "Kesho, mwanangu. Mikono yangu ina tindikali." Uongo mtupu, nilikuwa nimenawa mara tatu.

Lujain amegeuza uso. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini hutaki yeye? Kwa sababu yeye ndogo?"

Nilitaka kumweleza pale pale. Lakini nadhiri si yangu, mwenyewe bado hajaitangaza, na muuguzi amesimama. Nimembusu paji la uso nikatoka. Garini nimekaa dakika kumi sijawasha.

Nyumbani Mama ameniuliza, "Umemshika?"

"Sijamshika. Nangojea majani yako."

Ameushika mkongojo wake akainuka. Kisha akasema, "Nenda kafanye kazi. Chakula nitapika mimi." Hajapika miaka minne. Amepika wali wa nazi, umeungua chini, nimeula wote. La sita limekwisha.

17 Agosti, Jumapili

La saba nimelimaliza saa nne asubuhi. Nimepima yote mara mbili. Sikuoga. Nimeendesha mpaka Nizwa na ushungi wenye masizi, na mtu wa petroli Sinaw amenipa maji bila ya kumwomba.

Bosi wa Marzouq ni mwanamke, Lamees, kijana wa umri wa Lujain. Nimejitayarisha kubembeleza. Amepanga majani yangu mapya juu ya kioo cha kabati lenye yale ya zamani, akapima moja moja, akayatazama kwa kioo cha kukuzia. Akaniuliza kwa Kiarabu, haya mapya ya nani? Nikasema ya makumbusho. Na haya ya zamani? Nikasema, ya mwanamke aliyeponewa na mtoto wake. Amenitazama, akachukua ufunguo.

Marzouq amenibebea mpaka garini. "Mama, kazi hii mpya ni nzuri pia," amesema. "Ila ile ya kwanza ilikuwa laini zaidi." Anajua kazi, yule.

Sikupitia nyumbani. Nimekwenda hospitali moja kwa moja, nimenawa mpaka viwiko, nimemwambia Lujain, "Nipe." Amemwinua kutoka kifuani. Amenipa. Mzito kuliko alivyokuwa akionekana kiooni. Alinitazama kwa jicho moja, jingine limefumba, akaendelea na usingizi wake. Nimekaa naye mpaka muuguzi akasema inatosha. Wamempa jina la Reem.

18 Agosti, Jumatatu

Mama ameniruhusu, nimemweleza Lujain. Amelia, kisha akacheka, kisha akataka kujua bibi yake amemwombea na yeye nini. Mama, kwenye simu, akasema, "Hayo hayakuhusu."

19 Agosti, Jumanne

Nimeyatandika majani saba kitandani kwa Mama. Ameyapapasa moja moja, macho yake hayaoni vidogo. Kidole kimefika kwenye zile herufi nne.

"Hapa pana nini?"

Nimeogopa, nikamwambia ni maandishi ya Warumi, nitayapiga nyundo yafutike, au niyayeyushe yote upya kesho asubuhi, yawe vipande tu kama alivyotaka.

"Yanasema nini?"

"Amelipa nadhiri yake kwa moyo radhi, kama ilivyostahiki."

Amekaa na jani mkononi. "Na hao waliyajuaje haya?" Kisha akasema, "Jina la mtu lipo? La sanamu lipo?"

"Hapana, Mama. Nilikataa."

"Basi yaache. Ya kwangu haya."

20 Agosti, Jumatano

Nizwa wanafungua maonyesho leo, kuna wageni na hotuba. Sikwenda. Jumatano ni soko la wanawake hapa Ibra, na Mama amesema tunakwenda soko, kwa miguu yake, na mkongojo.

Tumetoka saa moja asubuhi. Wa kwanza mwanamke wa Bangladesh anayeshona mapazia. Hakufahamu, akadhani tunamwuzia, mpaka Mama alipomfumba vidole juu ya jani. Wa pili msichana wa Tanga anayefanya kazi za nyumba kwa jirani zetu, amekuja kununua samaki. Mama alipomsemesha Kiswahili alipiga magoti na shikamoo, akakaa pale pale chini akalia. Wa tatu Mhabeshi. Wa nne na wa tano dada wawili wa Indonesia, na Mama hakutaka mmoja apewe mwingine akose. Kila mmoja aliuliza kwa nini, kwa lugha yake au kwa uso, na kila mmoja Mama alimjibu kwa Kiswahili cha Unguja, sentensi ile ile: "Mwanangu alipona." Hakuna haja ya kuwafasiria, alisema, wameona uso wangu.

La sita tumempelekea muuguzi wa Kerala hospitalini. Alisema sheria za kazi hazimruhusu kupokea. Mama akamwambia, kwa mimi kufasiri, kwamba si yeye Mama anayempa, ni Mola. Ameliweka mfukoni, ameondoka haraka kwenda kumtazama mgonjwa asiyekuwepo.

La saba Mama amelishika mpaka adhuhuri. Kwenye kituo cha teksi, kivulini, alikuwa amekaa mwanamke na mtoto mgongoni na sanduku moja. Hatukujua atokako na hatukuuliza. Mama amelitia jani mkononi mwa yule mtoto, na mtoto akalipeleka mdomoni. Mama yake alitutazama sisi, akatazama jani, akaupokea mkono wa Mama akauweka kwenye paji lake la uso.

Tumerudi kwa teksi, amechoka. Nimemlaza, nimemvua viatu, miguu yake imevimba kidogo. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia ahsante. Ni neno dogo, nililijua ni dogo, lakini miaka thelathini na tano nilikuwa sijalisema. Nikamwambia nisamehe kwa nilivyokuwa nikikufikiria.

"Nilijua unavyonifikiria," amesema. "Ulikuwa hai unanifikiria. Mimi nilikuwa nikishukuru."

Kisha amenishika kifundo kile kilichovimba, akanivuta karibu.

"Nimekuombea mpaka hapa tu, Mabruka. Mpaka umshike. Ya mbele sikuyaomba. Ya mbele uombe mwenyewe."

Amelala. Nimetia udhu, nimeswali rakaa mbili upande wa kitanda chake, na nimeomba. Nilichokiomba sikiandiki.